Pazia Si Ukuta

Chumba walichokuwa wakilala Agutu na mumewe kilikuwa stoo. Tusikipambe kwa jina jingine. Kilijengwa kwa ajili ya magunia ya mchele, madumu ya mafuta na baiskeli mbovu, na hata baada ya kusuguliwa kwa sabuni na ndimu bado kilinuka dagaa. Kitanda kiligusa kuta tatu. Aliyelala upande wa ndani akitaka kutoka, sharti amruke mwenzake, na mlango ulifunguka nusu tu kisha ukagonga mguu wa kitanda ukakataa. Dirisha lilikuwa juu, dogo, la kupumulia panya, kama Gidion mumewe alivyosema siku moja akijaribu kuchekesha. Agutu hakucheka.

Hakucheka kwa sababu upande wa pili wa sebule, katika nyumba hiyohiyo ya Pasiansi, Mwanza, ambayo yeye na Gidion waliijenga tofali kwa tofali, kulikuwa na chumba kikubwa chenye madirisha mawili na upepo wa ziwa. Humo alikuwa amelala baba mkwe wake, Mzee Okwach, peke yake, amejinyoosha kama mamba juani.

Kubanana kwenyewe Agutu angekuvumilia. Alizaliwa Shirati, watoto sita mkeka mmoja, na hakufa. Kilichomla moyo ni kwamba chumba kile kikubwa mama yake alikinyimwa, na aliyemnyima ndiye sasa aliyekuwa akikoroma ndani yake.

Mambo yalianza mwaka uliotangulia. Mama yake, Sabina Akeyo, aliletwa Mwanza kutoka Shirati kutibiwa moyo. Agutu alikwishatandika kitanda cha chumba kikubwa, shuka mpya, na chandarua amekifua kwa mkono. Alijua mila inavyosema. Kwa Wajaluo mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Akilala, huleta chira, laana ya kumkausha mtu mpaka abaki mifupa. Lakini mjini watu wamelegeza mengi, na mgonjwa ni mgonjwa. Gidion mwenyewe alisema, "Mama alale, nani atajua?" 

Aliyejua ni Mzee Okwach. Alikuwa amekuja mjini kwa kikao cha umoja wa wazee wa Kijaluo waishio Mwanza, na hakuna kikao chao kilichofungwa bila yeye kueleza mila inataka nini. Alifika pale nyumbani na wazee wenzake wawili kabla mgonjwa hajamaliza uji.

"Huyu mama halali hapa," alisema, amesimama mlangoni.

Agutu akapiga magoti. Yeye ni mshonaji wa mapazia, riziki yake ni hiyo. Akasema angetundika pazia sebuleni, zito, kutoka darini mpaka sakafuni, mama alale nyuma yake, Gidion asimwone wala asimsikie. Mzee Okwach akagonga fimbo yake chini.

"Pazia si ukuta, nyar Shirati," alisema, akimwita kwa kwao, binti wa Shirati, kama wazee wa Kijaluo wanavyowaita wake wa wana wao. "Mila haifunikwi kwa kitambaa."

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa mama mwenyewe. Alilelewa katika mila hiyohiyo na aliona haya kubishaniwa akiwa na kikombe mkononi. Akachukua begi lake la bluu, akaenda kulala nyumba ya wageni huko Mkolani, mwisho mwingine wa mji, karibu na ndugu wa mbali aliyeahidi kumwangalia. Ndugu alimwangalia siku za mwanzo, akachoka. Asubuhi moja mfagiaji alifungua mlango akamkuta ameshapoa, mkono umenyooshwa ukutani kwenye swichi ya taa. Begi la bluu lilirudi Pasiansi bila mwenyewe.

Mkuki kwa nguruwe. Kaburi halijasakafiwa, goti la Mzee Okwach likaanza kuuma. Akaja Mwanza kuonana na madaktari, na hakutafuta nyumba ya wageni. Sasa, mila ileile inasema baba naye halali katika nyumba ya mwanawe. Agutu alipomkumbusha, kwa adabu, macho chini, mzee alicheka hadi akakohoa.

"Hiyo ni ya bomani, huko kijijini. Hapa mjini wazee tumekaa, tukaona baba mgonjwa aruhusiwe, mradi asitie jicho kwenye kitanda cha mwanawe na mkewe. Hilo tu ndilo halina msamaha. Na mimi na kitanda chenu ni wapi na wapi?"

Wazee waliokaa walikuwa yeye na swahiba wake mmoja, kwenye meza ya chai. Kina mama wagonjwa hawakujadiliwa. Siku hiyohiyo Gidion alikitoa kitanda chao chumba kikubwa akakisukumiza stoo, na muda wote huo Mzee Okwach alikaa nje uani, ameipa nyumba mgongo, mpaka akahakikishiwa kwamba kitanda kimefichwa na mlango umefungwa. Agutu aliuona mgongo ule. Aliuweka akilini bila kujua wa nini.

Goti likapona. Mzee hakuondoka. Alizoea upepo wa ziwa, alizoea sato wa kuchemsha, alizoea kuamkiwa na majirani kibarazani. Jumapili moja alipokuwa amewakaribisha wenzake walewale wawili, Agutu aliweka chai mezani akasema stoo inawabana, hewa hakuna, kama baba angependa wabadilishane kwa kuwa sasa mguu ni mzima.

"Chumba si kidogo," mzee akajibu, akiwatazama wageni. "Moyo wako ndio mdogo. Upanue." Wageni wakacheka kidogo, isipokuwa Mzee Nathaniel, mkubwa wao, aliyekuwa akipuliza chai yake. "Chumba chako kifanye utakavyo. Paka rangi, bomoa, jenga. Mimi nipate uji wangu tu. Mzee Nathaniel, si umesikia? Nimempa ruhusa, asije akasema nimemtesa."

"Nimesikia," alisema Mzee Nathaniel.

Agutu akasema asante baba, akatoka na sinia. Jikoni alisimama mbele ya moto mpaka machozi yakakauka yenyewe. Hayakuwa machozi ya huzuni. Alimchukia mzee yule chuki safi, isiyo na takataka, na alikuwa ameanza kuipenda.

Kesho yake alimweleza Sheetal. Sheetal ndiye mwenye duka la mapazia anakofanyia kazi, mjini kati. Familia yake iliuza vitambaa mtaa uleule tangu enzi za babu wa babu, na yeye ameongeza kazi ya kwenda majumbani kupangia watu vyumba. Wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na msibani Sheetal alikuja mpaka Shirati, akakaa chini mchangani na wafiwa.

"Usilie na chumba," Sheetal alimwambia. "Chumba kidogo kinadanganywa tu. Macho ndiyo yanayopima, siyo futi. Kwanza toa rangi ile ya kahawia."

Agutu akaanza kukidanganya. Alipaka kuta na dari rangi moja ya maziwa, mpaka usijue ukuta unaishia wapi na dari inaanzia wapi. Bomba la pazia akalipandisha juu kabisa, akashona pazia jepesi la kushuka mpaka chini, na lile dirisha la panya likaonekana refu, la heshima. Kitanda akakiinua, chini yake akatengenezewa droo, na masanduku yaliyokuwa yamerundikana mpaka usawa wa kifua yakatoweka. Begi la bluu akaliweka kwenye droo ya mwisho, peke yake. Halafu Sheetal akampa kioo kirefu kilichokuwa na mkwaruzo pembeni, akamwambia akiegemeze mkabala na dirisha. Mwanga ukaingia, ukagonga kioo, ukarudi. Chumba kikapumua. Gidion aliporudi kutoka Ukerewe, maana yeye ni fundi wa injini kwenye meli ya mizigo na nyumbani huonekana kwa nadra, alisimama mlangoni akasema, "Umeongeza wapi?"

Kioo kile ndicho kilichofanya kazi ambayo Sheetal hakukituma.

Asubuhi moja Agutu aliacha mlango wa stoo wazi akifagia. Mzee Okwach alikuwa akikatiza sebuleni na bakuli lake la uji. Akageuza shingo, na ndani ya kioo, kwa pembe, kilikuwepo kitanda chote: mito miwili, shuka, foronya za maua. Mzee aligeukia ukutani kwa kishindo, uji ukammwagikia kifuani.

"Funga! Funga huo mlango!" alipiga kelele. "Unataka kuniua?"

Agutu akafunga, akaomba radhi, akaleta kitambaa akampangusa. Mikono ya mzee ilikuwa ya baridi. Siku nzima hakula. Alikaa kibarazani akijishika tumbo, akisubiri chira ionyeshe dalili, na jioni akaagiza kioo kigeuzwe. Agutu akakigeuza. Alikuwa amegundua kwamba mtu huyu, aliyeipinda kila mila ilipombana, alikuwa na moja aliyoiogopa kwelikweli.

Akarudi kwa Sheetal. "Siku ile ulisema kuna jambo moja limebaki."

"Ukuta," alisema Sheetal. "Ule wa kati ya stoo na sebule. Ukiuondoa, unapata chumba kimoja kikubwa, mwanga unatoka mbele mpaka nyuma. Lakini ulikataa. Ulisema kitanda kitaonekana tangu mlango wa nje."

"Kitaonekana."

Sheetal alimtazama, mkasi umesimama katikati ya kitambaa. Aliijua nyumba ile: mlango wa kuingilia mmoja, jiko na choo uani, na anayekwenda chumba kikubwa sharti aikate sebule. Alikumbuka mchanga wa Shirati. Akaendelea kukata.

"Chukua kile kitambaa kizito cha kijani," alisema baada ya muda. "Kilichobaki kwenye jora. Utahitaji pazia."

Fundi Masele alikuja kuutazama ukuta mzee akiwa kliniki. Aliugonga kwa nyundo huku na huku, akapanda ngazi akachungulia juu ya dari, akasema ukuta haubebi kitu, ni tofali za kusimamisha, asubuhi moja unalala chini. Kisha akakwama. Masele ni Msukuma wa Bujora, na Wasukuma nao wanajua ukwe ni nini.

"Mama, na mzee? Ameridhia?"

"Amesema bomoa. Mbele ya wazee wenzake."

Masele akakuna kichwa. Alisema yeye ni fundi, hasuluhishi koo za watu, na atakuja Jumapili.

Gidion alikuwa wa mwisho kuambiwa, Jumamosi, wakati wa kula. Alitafuna taratibu, akatazama ukuta, akatazama mlango wa nje, akatazama mlango wa chumba cha baba yake. Hesabu ile haikuwa ngumu.

"Baba atapitaje?"

"Kwa miguu," alisema Agutu. "Goti limepona."

Gidion akaacha kutafuna. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ndio uliombeba mama wa Agutu mpaka Mkolani. Wote wawili walilijua hilo na hawajawahi kulisema. Agutu alisubiri akatae. Kama angekataa kwa sauti, kama siku ile angalau angepata sauti ya kukataa kitu, huenda angemheshimu na kuacha.

"Mimi nina safari ya alfajiri," alisema Gidion, akanawa mikono.

Jumapili Mzee Okwach alivaa koti lake la kijivu, akachukua fimbo, akaenda kwenye kikao Kirumba. Hajafika hata barabara ya lami, Masele akashusha nyundo. Vumbi lilitoka madirishani, kuku wa jirani wakakimbia, na wapita njia wakasimama kuuliza kama kuna ugomvi. Agutu alifunga kitambaa puani akazoa kifusi pamoja na vibarua, ndoo baada ya ndoo, na kila tofali lililoanguka lilimfanyia raha mwilini. Mchana ukuta haukuwepo. Akadeki. Akatandika kitanda kwa shuka zilezile alizomtandikia mama. Juu darini, pale ulipokuwa ukuta, Masele alifunga bomba la pazia kutoka upande mpaka upande, kama alivyoagizwa. Pazia la kijani lilikuwa limeshashonwa na kupigwa pasi. Agutu hakulitundika. Alilikunja akaliweka juu ya kitanda, katikati.

Na lazima isemwe, chumba kilikuwa kizuri. Ukisimama mlangoni uliona tangu kibarazani mpaka dirisha la nyuma, na kwenye kioo, kilichogeuzwa tena, uliona ziwa, kipande chake, likimeta nyuma ya mawe.

Wazee walikuja saa ya chai kama kawaida yao baada ya kikao. Mzee Okwach alitangulia akicheka, Mzee Nathaniel nyuma yake na mwenzao wa tatu. Agutu alikuwa amesimama ndani, kanga imefungwa vizuri, mikono mbele.

"Shikamooni, baba zangu. Karibuni ndani."

Mzee Okwach aliinua mguu kuvuka kizingiti, akainua na macho. Mguu ukabaki hewani. Kisha akarudi nyuma, akamkanyaga Mzee Nathaniel, na wazee wote watatu wakageukia barabarani kama walioamrishwa, migongo mitatu ya makoti.

"Hiki ni nini?" alisema Mzee Okwach, akiiambia barabara.

"Nimepanua chumba, baba. Kama ulivyonishauri. Karibu, uji uko tayari."

"Ukuta uko wapi?"

"Ulisema bomoa. Mzee Nathaniel alisikia."

"Nilisikia," alisema Mzee Nathaniel, bila kugeuka.

"Yeye alijua nilikuwa nasema tu! Nathaniel, huyu mwanamke ananiwinda."

"Ulisema bomoa, jenga. Ulinitaka niwe shahidi." Mzee Nathaniel alishusha pumzi. "Na ndani huko huwezi kuingia, Okwach. Kitanda cha mwanao kiko mbele ya mlango. Hilo ulilisema wewe mwenyewe, kwamba halina msamaha."

Agutu aliwaacha wakae na maneno hayo. Hakuwahi kuonja kitu kitamu namna ile, na hakuona haya.

"Baba," alisema, taratibu, "hakuna haja ya kuhangaika. Bomba la pazia liko tayari juu. Pazia nimeshona, zito, kutoka darini mpaka sakafuni. Nikilitundika, kitanda hakionekani tena, unapita, unakwenda chumbani kwako. Ni kazi ya dakika. Neno lako tu."

Mabega ya Mzee Okwach yalishuka kwa nafuu. "Basi si utundike. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nangoja uniambie kwamba pazia linatosha. Uniambie mbele ya baba zangu hawa, kwa sababu walikuwepo siku ile."

Ndege iliyokuwa ikishuka uwanjani ilipita juu ya mapaa na kwenda zake, na migongo mitatu ikabaki palepale. Yule mzee wa tatu alianza kuvitazama viatu vyake. Wote wanne walikuwa wakimwona akilini mwanamke mwenye kikombe cha uji mkononi, na binti yake amepiga magoti.

Mzee Okwach alifungua mdomo. Agutu alimwona shavu kwa pembeni, ndevu nyeupe zikicheza. Akisema linatosha, basi lilitosha na siku ile, na Sabina Akeyo alitupwa Mkolani bure, na msema-mila aliyemtupa amekiri hadharani. Akisema halitoshi, chumba, upepo na sato vimekwisha. Agutu alitaka aseme. Na zaidi ya hapo, ndani kabisa, alitaka asiseme.

"Linatosha, baba?"

Fimbo iligonga sakafu ya kibaraza, mara moja, bila nguvu.

"Nileteeni begi langu," alisema Mzee Okwach.

Agutu alipanga nguo zake vizuri, mashati yamekunjwa, dawa za goti kwenye mfuko wake, maana hakutaka hata mmoja wao aseme amemtupia mzee vitu. Alimletea begi kibarazani, akapiga magoti kulikabidhi, kama mke wa mtu anavyopaswa. Mzee Nathaniel aliuliza kama kuna mahali pa kwenda usiku huo. Kwake yeye nyumba ilikuwa imejaa wajukuu, na yule wa tatu alipanga chumba kimoja. Mabinti wa Mzee Okwach wawili walikuwa wameolewa hapohapo Mwanza, lakini baba halali kwa mkwewe, na safari hii hakuna aliyependekeza kikao cha kulegeza.

"Mkolani kuna nyumba ya wageni," alisema Agutu, bado amepiga magoti. "Ni safi. Usiku, baba, swichi ya taa iko mbali kidogo na kitanda. Inabidi unyooshe mkono."

Mzee Okwach alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu amjue. Bajaji ikaitwa, akapakiwa na begi lake na fimbo yake.

Gidion aliporudi siku chache baadaye alisimama kizingitini muda mrefu. Aliuona mwanga unavyotembea tangu mlango wa mbele mpaka nyuma, na kitanda, na mlango wa chumba kikubwa umeachwa wazi. Humo ndani hapakuwa na mtu. Juu ya kitanda kilichotandikwa, kwenye upepo wa madirisha mawili, lilikuwa limewekwa begi la bluu.

"Ukuta utaurudisha lini?" aliuliza.

Agutu alikuwa kwenye cherehani, akilikata lile pazia la kijani kushona foronya.

"Amesema linatosha?"

Gidion alivua viatu, akaingia.